Kizuizi Namba 41

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema sana. Namba 41 imezima taa. Katika kazi yetu, kinachozima ndicho kinachong'ara.

Nieleze, maana daftari hili huenda siku moja likasomwa na watu wasiojua kemia. Ndani ya ini kuna kimeng'enya kinachovunjavunja nikotini. Mtu akivuta sigara, kimeng'enya kinaisafisha nikotini mwilini, na ikishapungua mtu anatamani nyingine. Ukikitia breki, nikotini inakaa zaidi, hamu inapoa, sigara zinapungua. Tena kimeng'enya hichohicho huchukua baadhi ya sumu za moshi na kuzigeuza kuwa kali zaidi, zile zinazoanzisha saratani. Breki moja, kazi mbili. Profesa anaziita vizuizi. Tumeshatengeneza arobaini na moja. Hicho cha arobaini na moja ni changu.

Kupima ni rahisi. Katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki tunakipa kimeng'enya chakula ambacho kikikila kinatoa mwanga wa buluu chini ya taa. Kizuizi kikifanya kazi, mwanga unafifia. Leo kishimo changu kilikuwa giza totoro. Namba 38, ya dada wa meza ya dirishani (namwita Miwani, humu tu), ilififisha mwanga nusu. Nusu tu. Nilimpa pole.

Miwani akaniuliza kama nimeifikiria ile rangi. Namba 41 ina rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Nikamwambia dawa nyingi zina rangi. Akasema sawa, kaka. Lile "sawa, kaka" lake silipendi. Ni wivu.

Mchana Profesa akatukusanya. Ijumaa wanakuja wageni wa mfuko unaotulipia utafiti. Wataamua kama tunaendelea miaka miwili mingine au tunafunga. Kizuizi kimoja tu kitaletwa mbele yao, na kwa sasa ni changu. Halafu akasema anataka wageni wasikie pia ugumu wa kuacha sigara kutoka kwa mtu aliyeshinda. Akanitaja mimi. Wote wakanipigia makofi.

Kusema kweli niliacha. Miezi minne iliyopita, kwa siku tisa. Hakuna aliyeniuliza niliacha kwa muda gani.

Jumanne, 5 Machi

Baba mkwe yuko kwetu wiki ya tatu sasa. Anakohoa. Hospitali wamempiga picha ya kifua, wameona kivuli, wakachukua vipimo zaidi. Majibu Jumamosi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa darasa la tatu na ana macho ya mwalimu wa darasa la tatu, amemnyang'anya sigara zote na anamkagua mifuko kila asubuhi.

Wakati wa chai nilimweleza mzee habari za kimeng'enya, ini, breki, yote. Nilitumia vijiko na bakuli la sukari. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama hiyo dawa inafanya kazi. Nikamwambia inafanya, baba, kwenye kishimo.

"Mimi sina kishimo, mwanangu," akasema.

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Sikuona cha kuchekesha.

Jioni nikazunguka nyuma ya tangi la maji kwa shughuli zangu. Nikamkuta baba mkwe amechuchumaa palepale ninapochuchumaa mimi, moshi unamtoka puani. Tukatazamana. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Mkononi nilikuwa na sigara na kiberiti, hakukuwa na pa kuvificha.

Nikachuchumaa pembeni yake. Mtu na mkwewe hawakai hivi. Halafu akanisogezea tofali nikalie. Akasema mke wangu asijue, wala mama yake akipiga simu asijue. Tukakubaliana. Sigara zake anazificha ndani ya soksi. Zangu zimo ndani ya kopo la rangi ya mlango. Nilimsifu kwa wazo la soksi.

Jumatano, 6 Machi

Habari mbaya. Wageni watakuja na kipimo cha pumzi. Unapuliza, kinakuambia una hewa ya moshi kiasi gani ndani yako. Profesa ana furaha. Anasema nitapuliza mbele ya wote, namba itatoka ndogo, wageni waone kwa macho yao mtu aliyeacha.

Nimepiga hesabu. Hewa ile hupungua yenyewe, siku nzima bila sigara inatosha. Kwa hiyo kuanzia kesho asubuhi sivuti. Leo bado ni leo.

Nilifika maabara saa moja na nusu, kabla ya wote. Wasiwasi ulinizidi. Nikafikiria lile kabati la kioo tunalochanganyia kemikali, lenye feni ya kufyonza mvuke. Nikatoa chupa zote, mimi si mwendawazimu, nikazipeleka chumba kingine. Nikawasha feni, nikaingiza kichwa na sigara. Moshi wote uliondoka kama umeitwa. Hakuna harufu hata chembe. Miaka kumi na mitano nimefanya kazi kwenye jengo hili na sikuwahi kuliwaza hili. Nikala pipi mbili za mnanaa, nikarudisha chupa.

Saa mbili Profesa akashuka amekasirika. Mafundi wa paa wanavuta sigara juu ya dirisha lake, akasema, na hili ni jengo la utafiti wa kuacha sigara, wageni wanakuja kesho kutwa. Nikamuunga mkono kwa nguvu zote. Nikasema ni utovu wa nidhamu. Nikajitolea kuandika tangazo, herufi nyekundu, na nikapanda nalo mwenyewe mpaka juu.

Msimamizi wa mafundi ni mtu mpole. Alilisoma tangazo mara mbili. Akaniambia mafundi wake wanne wote hawavuti. Moshi, akasema, ulitoka kwenye bomba lile. Akanionyesha bomba. Nikamwambia ule ni mvuke wa kisayansi. Akainusa hewa kidogo, akaniuliza sayansi ya aina gani. Nikashuka.

Mchana Miwani akaja na ombi. Anataka kuipima namba 41 bila kimeng'enya. Yaani anachukua ile kemikali inayong'aa tayari, anaimwagia namba 41, anaangalia. Mwanga ukififia hata pasipo kimeng'enya, basi hakuna breki yoyote, ni rangi tu imeuziba mwanga. Alisema kwa upole, na akasema hata za kwake amezipima hivyo zote.

Nikamwambia wazo zuri. Nikaenda kwenye mashine ya kusomea mwanga, nikajiandikisha kwenye ubao, Alhamisi yote, asubuhi hadi jioni: MATENGENEZO. Jina langu, saini yangu. Ni vizuri kujua mambo ya ofisi.

Alhamisi, 7 Machi

Sijavuta tangu nilipoamka.

Saa tatu: mikono inatetemeka kidogo, nahesabu vigae vya ukutani. Saa nne: nimegombana na mashine ya kuzungusha mirija kwa sababu inapiga kelele, na kazi yake ni kupiga kelele. Saa sita: nimekunywa vikombe kumi na moja vya maji. Saa saba nilimwambia karani kwamba kalamu yake inaandika kwa sauti. Aliniuliza kama nyumbani ni salama.

Mashine ya mwanga niliikalia siku nzima. Niliifungua kifuniko, nikakifunga. Nikaifuta. Miwani alipita mara moja, akasoma ubao, akasema sawa, kaka, akachukua kisanduku chake cha mirija akatoka. Sikumwona tena mpaka jioni. Nikajua amekata tamaa. Nilimwonea huruma, si sana.

Nyumbani saa kumi na moja. Nilijikaza. Nikaenda nyuma ya tangi kumsalimia tu baba mkwe, maana kumwacha mzee peke yake si heshima. Alikuwa na moja mkononi na nyingine sikioni. Ile ya sikioni akanipa bila kuuliza. Nikasema nitavuta pafu moja kwa ajili ya ushirika. Nilivuta tatu. Sigara tatu.

Mzee akawa anaongea akitazama ukuta. Akasema haogopi kufa, watu wa rika lake wengi wameshatangulia. Anachoogopa ni usiku, kwa sababu chumba cha binti yake kimepakana na chake, na akikohoa anamsikia akigeuka kitandani. Anajua binti anahesabu. "Nikikohoa mara mbili anageuka. Nikikohoa mara tano anaamka anakaa." Akasema hujaribu kukohoa ndani ya mto.

Halafu akasema, mwanangu, hiyo dawa yako ifanye haraka.

Nilimwambia kesho wageni wanakuja. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba hilo ni jibu. Nilikaa nikiangalia vidole vyake, ni vya njano mpaka kwenye kucha, na kwa mara ya kwanza namba 41 ilinijia kichwani bila jina langu pembeni yake. Nikajiuliza kama ile rangi ni rangi tu.

Nikawasha nyingine, wazo likapita.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike upesi kabla sijaanza kujisahaulisha.

Asubuhi nilivuta moja, ya kutuliza mikono. Saa mbili kasorobo. Pipi za mnanaa sita juu yake.

Wageni walikuwa watatu: mzee mmoja mkemia mwenye fimbo, mama mmoja daktari wa mapafu, na kijana wa karatasi. Profesa akawakaribisha, akanisimamisha, akasema huyu hapa amepita njia yenyewe. Mama daktari akatoa kipimo chake, kidogo kama simu, chenye kipande cha kupulizia. Akaniambia nivute pumzi, nishike, nipulize polepole. Mpango wangu ulikuwa kupuliza pembeni ya mdomo. Kipimo kikalia na kukataa. Akaniambia nirudie, midomo ikaze. Nikakaza.

Ishirini na saba.

Mama daktari akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba asiyevuta hapiti sita. Nikasema njiani nilikaa nyuma ya lori bovu, foleni ndefu, moshi mtupu. Profesa akanitazama. Naishi mtaa wa pili kutoka maabara. Huwa naenda kwa miguu, na Profesa huniona kila asubuhi akipita na gari lake.

Nikahamia kwenye namba 41 haraka. Nikaonyesha picha ya kishimo cheusi. Mzee mwenye fimbo akauliza kama kemikali yenyewe ina rangi. Nikasema kidogo. Akaomba kuiona. Nikamwonyesha kichupa. Akakiinua juu dirishani, hakuona hata dirisha. Akauliza kama nimeipima bila kimeng'enya. Nikasema nilitamani sana, lakini jana mashine ilikuwa kwenye matengenezo.

Miwani akasimama. Akasema samahani, na kweli alionekana anasikitika. Akasema kwa kuwa mashine yetu ilikuwa kwenye matengenezo, aliomba ya idara jirani, akakaa huko kutwa. Akatoa karatasi moja. Bila kimeng'enya, bila chochote, mwanga ulizimika vilevile.

"Basi hili ni pazia," mzee akasema. "Si breki."

Uso ulinishuka. Nilitaka Miwani acheke ili nipate cha kumchukia. Hakucheka. Alizungumzia namba 38 kwa dakika ishirini, bila madaha. Amekwisha kuijaribu kwa nikotini yenyewe, pamoja na kimeng'enya cha ini, na inapunguza uvunjaji wake nusu. Na ile sumu ya moshi inayogeuzwa kuwa kali, nayo inapungua. Mzee akaacha fimbo yake ikaanguka, akawa anaandika.

Mwishoni mama daktari akanigeukia tena. Nilidhani ananihurumia. Akaniuliza mara ya mwisho kuvuta ilikuwa lini. Nikasema leo, saa mbili kasorobo. Akauliza kwa nini. Nikasema mikono ilikuwa inatetemeka. Akauliza umejaribu kuacha mara ngapi. Nikahesabu kwa vidole, nikarudi kwenye kidole cha kwanza. Nikasema kumi na mbili.

Aliandika yote. Katika yote niliyosema leo, hayo tu ndiyo aliyoyaandika.

Jumamosi, 9 Machi

Hospitali. Korido ndefu, mabenchi ya chuma. Mke wangu alishika bahasha ya picha ya kifua kama ameshika mtoto. Baba mkwe alivaa koti lake la harusi, sijui kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Daktari akatuita. Kivuli si saratani. Ni kovu la ugonjwa wa zamani, wa ujanani. Lakini mapafu yamechoka sana, akasema, akatuonyesha kwenye picha, na akamwambia mzee kwamba safari hii kivuli kimekuwa kovu, safari nyingine hawezi kuahidi.

Mke wangu alitoka koridoni akalia akiwa ameegemea ukuta. Sijawahi kumwona analia hivyo, bila sauti, mabega tu. Nilisimama karibu yake nikimshika kiwiko. Baba mkwe akatoka, akakaa kwenye benchi, akavua kiatu mbele ya watu wote, akaingiza mkono kwenye soksi. Akatoa pakiti. Ilikuwa imebonyea na ina joto. Akamwekea binti yake mkononi.

"Nimechoka kukuhesabisha, mama," akasema.

Akamweleza habari ya tangi. Nikatazama mlango wa kutokea. Lakini alisema habari yake tu. Tofali moja, mtu mmoja. Mke wangu akanigeukia hata hivyo, akanitazama mifuko. Nikaipigapiga yote, tupu. Asubuhi nilikuwa nimezihamishia sigara zangu kwenye begi la karatasi za hospitali.

Njiani kurudi mzee akaniambia kwa sauti ya chini: yangu nimeyasema, yako utayasema mwenyewe. Mtu muungwana sana. Ametunza siri yetu.

Jumatatu, 11 Machi

Niliingia ofisini kwa Profesa nikiwa na barua ya kuomba radhi, kurasa tatu. Hakuisoma. Akasema wageni wamekubali, miaka miwili, kwa namba 38. Miwani ndiye kiongozi wa kazi hiyo sasa. Nilisema hongera kwake. Ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nikasubiri kufukuzwa. Badala yake akanipa karatasi mbili. Ya kwanza, kliniki ya kuacha sigara, kila Jumatano saa nane, na mama daktari mwenyewe ndiye aliyeniombea nafasi. Ya pili, fomu ya hiari. Wanahitaji wavutaji thelathini wa kupimwa mate, kuona miili yao inasafisha nikotini kwa kasi gani, ili wajue namba 38 itawafaa akina nani huko mbele. Wameshapata ishirini na tisa. Akasema alikuwa akinitafutia mahali ambapo ukweli wangu utakuwa na faida.

Nikasaini zote mbili. Nikatemea ndani ya kijichupa. Miwani akaandika namba yangu, akaniambia asante, kaka. Safari hii sikusikia kitu kibaya ndani yake, ingawa nilisikiliza.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kila kitu. Nilianza mbali, na utafiti, na mchango wa mtu binafsi kwa sayansi. Akanikatiza. Amejua tangu mwezi wa kwanza, akasema, hakuna mtu mzima anayekula pipi za mnanaa kwa kilo. Alikuwa akingoja tu niseme. Halafu akaniuliza Jumatano naenda au siendi. Nikasema naenda.

Alhamisi, 14 Machi

Kliniki jana sikwenda. Kulikuwa na mvua, dalili za mvua.

Leo majibu ya mate. Miwani aliniita pembeni ya dirisha, akavua miwani, jambo ambalo halifanyi kwa mtu yeyote. Akanionyesha mchoro. Watu thelathini, nukta thelathini. Nukta yangu iko juu kabisa, peke yake. Kimeng'enya changu kinasafisha nikotini kwa kasi kuliko watu wote waliopimwa.

Akanieleza polepole, kama anaongea na ndugu. Maana yake ni kwamba nikotini inanitoka mapema mno, ndiyo maana mikono inatetemeka upesi, ndiyo maana mara zote kumi na mbili zilishindikana. Akasema si kwamba sina moyo. Ini langu ndilo linalonikimbiza. Akasema watu kama mimi ndio hasa aliowafikiria wakati anatengeneza namba 38, na kwamba nisipokosa kliniki, kuna njia hata leo. Sauti yake ilikuwa ya chini, na macho bila miwani yalikuwa yamechoka. Akasema hata baba yake alikuwa hivi.

Nilimsikia. Lakini nilikuwa naangalia nukta.

Wa kwanza kati ya thelathini. Miaka kumi na mitano katika maabara hii sijawahi kuwa wa kwanza kwa lolote, na sasa niko juu ya mchoro wa Miwani mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwomba nakala. Alinitazama kidogo, akanipa.

Mchoro nimeubandika sebuleni. Baba mkwe, ambaye leo ni siku ya tano hajavuta na amenenepa mashavu, aliusoma kwa muda mrefu. Akauliza kama kuna zawadi. Mke wangu alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Shida ni moja. Wa pili ni dereva wa lori. Nukta yake iko chini yangu kwa upana wa ukucha, na Jumatatu tunapimwa wote upya. Miwani amesema wingi wa sigara haubadilishi namba hii hata kidogo. Atasema hivyo, lazima. Nimenunua pakiti mbili, na nimeanza mapema.